Grafu ya jirani ilisema 71

Saa mbili na robo usiku, tuko juu ya paa la jengo moja Chumbageni hapa Tanga, mi na fundi mwenzangu wa kampuni jirani, kila mtu laptopu mapajani, upepo wa bahari unatupiga kweli kweli, na laptopu zote mbili zinaangalia bomba moja la intaneti linalotoka Dar. Bomba lilelile jamani. Yangu inasema 300, mstari umenyooka juu kabisa kama umepigwa rula. Yake inasema 71. Megabiti kwa sekunde, kitu kimoja, dakika ileile.

Akaniangalia, nikamwangalia. Akasema, "Kaka, mi sikudanganyi, jionee mwenyewe." Nikamwambia na mi sikudanganyi. Na kweli hakuna aliyekuwa anadanganya, na hapo ndo nataka kuanzia, maana tulishagombana wiki tatu nzima kila mtu akidhani mwenzie mwongo.

Ngoja nieleze mazingira. Tuko watoa huduma wadogo watatu, wateja wetu ni nyumba za wageni za Raskazone, maduka na stesheneri za Ngamiani huko kwenye mabarabara ya namba, shule kadhaa, na watu wa majumbani. Peke yako kununua bomba kubwa kutoka Dar huwezi, bei inakuua, kwaiyo tukaungana watatu tukanunua moja la mega 300, likashukia kwenye swichi moja ya pamoja hapo juu ya paa, yaani kifaa cha kugawia mtandao, kila mtu anachukua poti yake, tundu lake la kuchomeka kebo. Miezi ya mwanzo raha tupu. Halafu wateja wakaongezeka, ikawa kila jioni ikifika saa moja mpaka saa nne simu hazikatiki, "fundi mtandao unasuasua", "fundi video haifunguki", "fundi nimelipia cha nini". Mi nikasema bomba limejaa, tuongeze. Mwenzangu akasema bomba liko tupu, grafu inaonyesha 71, robo tu ya bomba inatumika, tatizo ni redio zako za kurushia mtandao kwa wateja, bosi wangu hatoi hela ya kuongeza kitu ambacho hakijaisha. Na kwa mujibu wa kipimo chake alikuwa na haki! Bosi gani ataongeza hela kwa 71?

Aliyekuja kutegua ni dada mmoja fundi wa ile kampuni ya tatu, mdogo kuliko sisi wote. Siku ya pili yake alikaa na grafu za mwezi mzima za jirani, kimya, akawa anapitisha kidole kwenye skrini. Akauliza swali moja tu. "Kaka, hebu nionyeshe siku yoyote ambayo grafu yako imevuka 114."

Tukatafuta. Hamna. Mwezi mzima, hata mara moja. Inapanda vizuri asubuhi, inafika mia na kitu, halafu inaporomoka mpaka chini, inapanda tena, inaporomoka, kama meno ya msumeno. Sisi tulikuwa tunaona meno ya msumeno tunasema matumizi ya watu yanabadilika badilika.

Akachukua karatasi. Nieleze kama alivyotueleza maana sijasahau. Ruta na swichi zina kaunta, kila baiti inayopita inahesabiwa, na programu ya grafu inakuja kila dakika 5 kusoma kaunta kwa njia ya SNMP, ile lugha ya kuuliza vifaa hali yake, inatoa hesabu ya sasa kwa hesabu ya mwanzo, inagawa kwa muda, inachora. Basi. Ila ile kaunta ya zamani ni ya biti 32, mwisho wake ni 4,294,967,295, ikifika hapo inarudi sifuri, kama mita ya bodaboda iliyozeeka ikifika 99999 inaanza upya. Ikipita sifuri mara moja kabla haijamaliza mzunguko mzima programu inagundua inarekebisha. Ikimaliza mzunguko mzima na kuendelea ndani ya zile dakika 5 programu haina pa kujulia, na mzunguko mzima kwa dakika 5 ni mega 114 na kidogo, ndo maana grafu haivuki hapo. Sasa bomba likijaa mega 300, kila sekunde zinapita baiti milioni 37.5, dakika 5 ni baiti bilioni 11.25. Kaunta imezunguka mara mbili kamili, imebaki na bilioni 2.66 mkononi, na programu inaona hizo tu. Ukizigawa unapata 71.

Yaani mtandao ukijaa ndo grafu inashuka! Yule kaka alikaa chini. Akasema taratibu, "Kwaiyo wiki tatu nzima nilikuwa namwambia bosi uongo na mi sijui." Iliniuma, maana ni mtu makini sana, kila mwisho wa mwezi anachapa ripoti anaipanga kwenye faili.

Na dawa ilikuwepo miaka na miaka. Kaunta ya biti 64 iliandikwa kwenye viwango tangu miaka ya 90, hiyo kwa mwendo wa mega 300 inahitaji zaidi ya miaka 15,000 ndo izunguke. Ila SNMP toleo la kwanza, ile ya 1988, haiwezi kubeba kaunta ya biti 64, na programu yake mtu aliyeifunga zamani aliiacha kwenye toleo la kwanza. Mi yangu ilikuwa toleo la pili, kwa bahati tu, wala si kwa ujuzi wangu. Tofauti ni kisanduku kimoja kwenye mipangilio. Wiki tatu za kununiana.

Tulirekebisha palepale, jioni yake grafu zote tatu zikasema kitu kimoja, bosi akaona kwa macho yake. Lakini dada akasema hii ni moja, zipo nyingine kama hii ambazo hatujazijua, tukae chini tuandike tunapima nini na tunapima vipi, la sivyo mwezi ujao tutagombana kwa lingine.

Tukakubaliana Jumamosi, na tusikutane ofisini kwa mtu maana ofisi ya mtu ina mwenyewe, tukakutana kijiwe cha kahawa Ngamiani. Kuna mzee pale anauza kahawa chungu na kashata, wote tunamwita ami. Tumekaa tunabishana saa nzima, ami anasikiliza tu huku anasuuza vikombe, mwisho akauliza, wanangu mnagombania nini? Tukamweleza kadiri tulivyoweza. Akasema zamani sokoni kila mwenye duka ana pishi lake, pishi ni vibaba vinne, kila mtu anajua hivyo, lakini kibaba cha huyu kimebonyea ndani na cha yule kina kitako kinene, kwaiyo unaenda nyumbani na pishi tano ukizipima kwako unapata nne na nusu, ugomvi. "Sasa nyie mnagombania mchele au mnagombania pishi?"

Tukanyamaza. Mi hilo swali natembea nalo mpaka leo. Hata haya mambo ya lumbesa, mkulima anapakia gunia mpaka linaota kichwa juu halafu linahesabiwa gunia moja, sheria ya vipimo inakataza na Wakala wa Vipimo wanapita kukagua mizani, ni ileile, gunia bila kipimo ni neno tu. Na sisi "mega" yetu ilikuwa neno tu.

Tukaanza na hilo hilo neno. Kwetu hapa mega ni kila kitu, mega za bando, mega za spidi, mega za faili. Mama mmoja wa stesheneri alikuwa ananipigia kila wiki, nimelipia mega 10 kompyuta inashusha 1.2, umeniibia mega nane na ushee. Hajakosea kusoma, kompyuta inaonyesha megabaiti na sisi tunauza megabiti, baiti moja ni biti 8, 10 gawa kwa 8 ni 1.25. Sisi wenyewe kwenye ripoti zetu mmoja alikuwa anaandika Mb, yaani megabiti, na mwingine MB, yaani megabaiti, bila kujali herufi. Tukaandika: spidi ni megabiti, siku zote, na kilo ni 1000, si 1024. Na kwenye risiti ya mteja tumeongeza mstari mmoja wa kumweleza ataona namba gani akishusha faili. Yule mama sasa hivi ndo anawaeleza wateja wake.

La saa ndo lilitutesa kuliko yote na sikutegemea. Mteja anapiga, "mtandao ulikata saa mbili." Saa mbili yetu Waswahili, asubuhi au usiku? Usiku. Haya, ni 20:00. Nafungua kumbukumbu za ruta yangu, 20:04 kweli kuna kitu. Kaka anafungua za kwake, 20:04 hamna kitu, kuna kitu 17:04, anasema hilo ni tukio lingine. Dada anafungua ruta yake ya juu ya mlingoti, inasema tukio limetokea tarehe 1 Januari 1970! Ile ruta haina betri ya saa, umeme ukikatika ukirudi inaanza kuhesabu toka 1970, na umeme kukatika mnajua wenyewe. Na ile 17:04 ni UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tuko mbele masaa matatu. Tukio lile lile moja, tarehe na saa tatu tofauti. Miaka yote tumekuwa tunalinganisha kumbukumbu hivyo, kwa hali hiyo utamkamata nani?

Itifaki ya kuweka saa sawa kwenye mtandao, NTP, ilitoka 1985, David Mills, baadaye wa Chuo Kikuu cha Delaware, ndo aliianzisha, na kuiwasha kwenye ruta ni amri mbili tatu. Tukaiwasha kila kifaa. Kilichobaki ni ubishi wa UTC au saa ya hapa, mi nilitaka saa ya hapa, rahisi kwa mafundi. Dada akakataa, akasema watu wa Dar na wa nje tunaofuatilia nao hitilafu wanatumia UTC, mashine zibaki UTC, sisi tukiandikiana meseji tuandike saa ya hapa kwa mfumo wa 24 na tuweke +3 mwisho. Nilishindwa kwenye kura, na kwa yaliyotokea baadaye alikuwa sahihi. Tatizo la kwanza tulilofuatilia na watu wa Dar baada ya hapo tulilimaliza kwa simu moja.

Pingi, yaani muda wa paketi, kile kifurushi kidogo cha data, kwenda mpaka kifaa fulani na kurudi. Hapo kidogo tu, kwa sababu jibu lake ni fizikia. Kampuni moja katika sisi ilikuwa inawaambia wateja "pingi yetu Dar ni milisekunde 1". Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, Tanga mpaka Dar kwa barabara ni kama 350, kwenda na kurudi 700, hiyo ni milisekunde 3.5 hata kabla ruta yoyote haijagusa paketi. Kumbe walikuwa wanapingi seva iliyo hapahapa Tanga. Sasa tunapima sehemu tatu zilizotajwa, swichi ya paa, kifaa cha Dar bomba letu linapoanzia, na moja ya Ulaya, na tunataja aina na ukubwa wa paketi. Hili la kutaja aina ya paketi si letu, wataalamu wa IETF, lile kundi linaloandika viwango vya intaneti, wameliandika kwenye waraka wao wa 1998 kuhusu vipimo vya intaneti, kwamba namba bila kusema umetuma paketi gani haijakamilika, kwa sababu vifaa vinazipa paketi huduma tofauti. Ruta nyingi pingi inayoelekezwa kwake yenyewe inajibu ikipata nafasi, inaweza kuonekana mbovu na iko salama.

Nilipoanza kusoma hizo nyaraka nilishangaa kwamba ni bure, RFC zote, ndo jina la nyaraka zao, ziko wazi, mtu wa Tanga na mtu wa California wanasoma kurasa zilezile, na mtu yeyote anaruhusiwa kuchangia. Mi nilidhani viwango vinashuka kutoka juu. Kumbe ni watu wamekaa wakabishana kama sisi kwa ami. Hata ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ilizaliwa hivyo, 1865 Paris, nchi 20, kwa sababu telegramu ikifika mpakani ilibidi iandikwe kwenye karatasi ikabidhiwe ng'ambo itumwe upya, kila nchi na mfumo wake. Na 2002 waendeshaji wa mitandao walikutanishwa na watunga itifaki, wakawaambia waziwazi kwamba SNMP tunaitumia kuangalia lakini kusetia vifaa, yaani kubadilisha mipangilio yake, haitufai, na kutoka hapo ndo ikaja NETCONF 2006, itifaki ya kusetia, na lugha ya YANG 2010, ya kuandikia mipangilio yenyewe. Watu wa kazi walisema na wakasikilizwa. Hili lilinipa moyo sana.

Sasa hili la kusetia, yaani nani anagusa nini, tulilipuuza siku ile ya kahawa tukaona vipimo vinatosha. Likatuadhibu baada ya wiki mbili.

Dada akalalamika mtandao wake umekufa lakini pingi inapita safi. Paketi ndogondogo zinapita, faili likianza kushuka linakwama. Siku nzima anabadilisha kebo, nikamwambia labda chumvi, maana hapa bahari inakula viunganishi, ukichomoa unakuta rangi ya kijani kwenye pini, kweli alivisafisha vyote. Hola. Jioni nikaingia kwenye swichi ya pamoja nikaangalia poti yake, makosa ya CRC, yaani paketi zilizofika zimeharibika, yanapanda kila nikisoma. Poti ilikuwa imefungwa kwa mkono, mega 100, njia mbili kwa pamoja. Ruta ya dada iko kwenye kujipangia yenyewe.

Kwa asiyejua: tangu 1995 vifaa vya mega 100 vina utaratibu wa kukubaliana vyenyewe spidi na kama vitaongea kwa pamoja au kwa zamu. Ukikifunga kimoja kwa mkono kinaacha kuongea na mwenzie, yule wa pili anaweza kuhisi spidi lakini la pili hawezi kulijua, kwaiyo kwa mujibu wa kiwango anachagua zamu. Sasa mmoja anaongea muda wowote anaotaka, mwingine akisikia sauti anadhani wamegongana anaacha anaanza upya. Mzigo mdogo huoni kitu. Mzigo mkubwa ni vurugu.

Nani alifunga ile poti? Kaka, usiku, kwa nia njema kabisa, alisoma mahali kwamba kufunga kwa mkono ni imara zaidi. Hakumwambia mtu kwa sababu hatukuwa na utaratibu wa kuambiana. Na wote watatu tulikuwa na pasiwedi moja ya swichi! Mbaya zaidi tukagundua neno la siri la SNMP bado ni "public", lile lile la kiwandani, na kwenye toleo la kwanza na la pili hilo neno linasafiri wazi, yeyote anayesikiliza analisoma.

Kwaiyo karatasi ikaongezeka upande wa pili. Kila mtu ana jina lake la kuingilia. Kusoma, wote tunasoma kila kitu, poti ya kila mtu, kaunta ya kila mtu, hatufichani. Kubadilisha, ni mtu mmoja kwa wiki, kwa zamu, na kabla hajagusa anaandika kwenye kundi letu hali ilivyo sasa na itakavyokuwa na namna ya kurudisha. SNMP tumehamia toleo la tatu, linaficha siri. Poti zote zijipangie zenyewe pande zote mbili, na kama kuna kufunga basi pande zote zifungwe siku moja. Hiyo ya kusoma wote ilileta ubishi mkali, bosi mmoja akasema hizo ni siri za biashara. Mi nilisimama kidete hapo na ningesimama tena, maana kipimo ambacho mwenzio hawezi kukikagua atakiamini vipi? Mwisho alikubali kwa sababu ya bili.

Bili ndo hii. Tuliongeza bomba likawa mega 500, na mgao wa gharama tukakubaliana kwa njia ya asilimia 95: kila poti inasomwa kila dakika 5, mwezi wa siku 30 unatoa vipimo 8,640, unavipanga, unatupa vile 432 vya juu kabisa, ambavyo ni kama masaa 36, na kinachofuata ndo namba yako. Mtu hahukumiwi kwa ile siku ya mechi. Bila kaunta sahihi, bila saa sawa, bila kuonana namba, huu mgao usingedumu hata mwezi.

Karatasi yenyewe imelaminishwa, iko ndani ya boksi la swichi juu ya paa, na nakala moja ami kaibandika nyuma ya birika lake, sijui inamsaidia nini ila anajivunia nayo.

Kilichobaki bado hatujaelewana ni upotevu wa paketi. Kaka anatuma pingi 10, ikipotea moja anaandika asilimia 10, mi naona hiyo haisemi kitu, nataka zitumwe 1,000 kila saa. Dada anasema hata 1,000 zikitumwa kwa mkupuo mmoja hazikamati mtandao unaokatika sekunde mbili mbili na kurudi, zisambazwe kwa nasibu ndani ya saa nzima. Kila mtu anapima kwa njia yake wiki mbili, vifaa vilevile, saa zilezile, UTC. Jumamosi tunakutana kwa ami na majedwali yetu.